Majibu kwa Wanaolidharau Daftari la Amali

Januari 2024 baadhi ya shule za sekondari nchini Tanzania zilipokea Kidato cha Kwanza cha aina mpya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeigawa sekondari katika njia mbili: mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, wenye fani kama ujenzi, umeme, kilimo, ushonaji na ukarimu. Anayesoma amali anatarajiwa kumaliza Kidato cha Nne na vyeti viwili, kimoja cha elimu ya sekondari kutoka Baraza la Mitihani, NECTA, na kingine cha ufundi stadi chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Kundi la kwanza litafika hapo mwaka 2027.

Mjadala mwingi umekwenda kwenye majengo ya karakana, bei ya mashine na uhaba wa walimu. Sawa, yana haki yake. Mimi nataka kusema juu ya kitu cha bei ya daftari, nacho ni daftari lenyewe. Nazungumzia kitabu kinachokaa mkononi mwa mwanafunzi tangu siku yake ya kwanza karakana, ambamo kila kazi aliyoimudu inaandikwa: ni kazi gani, aliifanya lini, kwa kuelekezwa au peke yake, na nani alisimama akaiona. Nakala ya pili inabaki shuleni. Vyuo vya ufundi vinacho kwa namna yao, hasa mwanachuo anapokwenda mafunzo kazini, na huko hukiita logibuku. Ninachodai kwa ajili ya mwanafunzi wa sekondari wa wilaya za Karatu na Ngorongoro ni zaidi kidogo ya hapo. Daftari hili lisiwe kiambatisho cha cheti. Cheti kitoke ndani yake, na lihesabike hata pale cheti kisipopatikana.

Dai hili linapingwa, na wanaolipinga si wajinga. Nitazichukua hoja zao jinsi zinavyokuja.

Inayopendwa kuliko zote ni hii: fundi hajulikani kwa karatasi, kazi yake ndiyo cheti chake. Ukisimama Karatu mjini, kando ya barabara ya kwenda lango la Lodoare, inaonekana kweli tupu. Magari ya watalii yanateremka kutoka kreta ya Ngorongoro yakiwa yamelegea springi na shokapu, na dereva anajua moja kwa moja amfuate nani. Hakuna anayemwuliza fundi huyo alisoma wapi.

Lakini jina hilo lilipatikanaje? Alianza kwa kushika spana na kutambaa chini ya magari, madereva walewale wakamwona mwaka baada ya mwaka, mmoja akamwambia mwenzake. Ni sifa iliyohifadhiwa vichwani mwa watu wa mtaa mmoja. Ikishuka ukingo wa bonde kuelekea Mto wa Mbu, tayari imeanza kufifia. Sasa mtazame binti wa miaka 17 aliyesomea ukarimu, ametoka Endulen, ameshuka stendi ya Karatu na begi lake. Hana dereva wa kumsemea wala meneja aliyewahi kuonja chakula chake. Kumwambia kwamba kazi yake ndiyo cheti chake ni kumrudisha nyumbani kwa lugha tamu, maana hakuna atakayempa hiyo kazi ili aonekane.

Tena mafundi wenyewe hawaiamini hoja hii kama wanavyoisema. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilipofungua mlango wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, mafundi wa mtaani waliingia: maseremala, waashi, mafundi magari, wapishi, watu wenye miaka mingi kazini. Walijua kwamba kampuni kubwa inapoajiri na halmashauri inapotoa zabuni, jina la mtaani halisomeki. Kwenye umeme ndiyo kabisa. Fundi wa kufunga mifumo ya umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na leseni hiyo haitolewi kwa sifa za majirani. Kinachosikitisha katika urasimishaji ni gharama ya kumpima upya mtu mzima kwa mambo aliyoyaweza akiwa kijana, kwa sababu tu siku alipoyaweza hakuna aliyeandika.

Hoja ya pili nitaikalia zaidi, kwa sababu ina mizizi. Inasema: alama za shuleni zinapikwa, kwa hiyo tuuamini mtihani wa mwisho peke yake.

Historia yetu inaitetea hoja hii kwa kiasi fulani. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mitihani hupima uwezo wa kukariri mambo na kuyatapika kwa saa iliyopangwa, wala haipimi tabia, fikra au moyo wa kutumika. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikakaa Musoma na kuamua kwamba kazi za mwanafunzi na mwenendo wake vihesabiwe pamoja na mtihani. Kuanzia mwaka 1976 tathmini ya shuleni ikaingia kwenye matokeo ya Kidato cha Nne kwa uzito wa nusu. Nusu nzima! Baada ya hapo uzito huo umepandishwa na kushushwa mara kadhaa, na malalamiko yamekuwa yaleyale: shuleni mwanafunzi ana alama za juu, kwenye mtihani wa taifa ana za chini. Mwalimu mwenye huruma aliongeza, mwalimu mkuu mwenye hofu ya matokeo aliongeza, na shule iliyosema kweli ikaonekana mbovu.

Nakubali yote hayo. Swali langu ni: kilichopikwa kilikuwa nini hasa? Zilikuwa namba. Mwalimu aliombwa alama ya muhula, akaandika 68, na 68 haina shahidi. Hakuna mtu duniani anayeweza kuichukua namba hiyo miezi minane baadaye akaiuliza ilitoka wapi.

Daftari ninalolitetea haliombi namba. Linauliza: je, mwanafunzi huyu amefunga swichi mbili zinazowasha taa moja, ya ngazini, bila kuelekezwa? Lini? Nani aliona? Jibu ni ameweza au bado. Hata hapo mtu anaweza kudanganya, sikatai, lakini uongo wa namna hii una anwani. Una tarehe, una jina la aliyesaini, na unafichuka kwa dakika 20: mpe kijana waya, swichi na bisibisi, mwambie arudie. Mthibiti ubora anayetoka nje ya shule hana haja ya kupima kila kitu. Afungue madaftari matano, achague ukurasa mmoja katika kila daftari bila kutoa taarifa, awaambie wenye madaftari wafanye kilichoandikwa pale. Kama watatu wanashindwa, sahihi za karakana hiyo zisimamishwe zote mpaka zipitiwe upya. Adhabu hiyo inamgusa aliyesaini, na ndiyo iliyokosekana wakati wa alama za muhula.

Kisha kuna jambo ambalo watetezi wa mtihani wa mwisho hawalijibu. Nenda Mang'ola, bonde la Ziwa Eyasi, kwenye vitunguu. Mche hukaa kitaluni wiki sita hadi nane kabla ya kuhamishiwa shambani. Baada ya hapo ni miezi mitatu au zaidi ya kumwagilia kwa zamu ya mfereji, kupalilia na kupambana na wadudu, kisha kuvuna, kukausha shingo za vitunguu, kuchambua. Mwanafunzi wa kilimo katika bonde lile anapaswa kuonyesha kwamba aliubeba msimu mzima: alijua lini apunguze maji, alitambua ugonjwa ulipoanza kwenye majani, hakuvuna mapema kwa tamaa ya bei. Mtihani wa vitendo wa siku moja utayaona wapi hayo? Utamwona ameshika jembe. Uashi nao ni hivyohivyo: zege linahitaji kumwagiliwa maji si chini ya siku saba, na mtahini ataondoka na gari lake kabla hajajua kama kijana alirudi kesho yake asubuhi na ndoo. Kurudi na ndoo ni sehemu ya ufundi. Mafundi wengi wabovu ninaowajua wanajua kuchanganya vizuri kabisa.

Majirani zetu hawajaukimbia upimaji wa shuleni kwa sababu ya hofu ya kupikwa. Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020, na kundi la kwanza lilipofanya mtihani wa UCE mwaka 2024, kazi za shuleni zilibeba asilimia 20. Kenya, kwa wanafunzi wa Gredi ya 9 waliofanya tathmini ya kitaifa mwaka 2025, imeipa tathmini ya shuleni asilimia 20, mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20, na ule wa mwisho asilimia 60. Wote wameacha mtihani wa mwisho ukiwa mzito, na mimi sidai ufutwe. Hisabati na Kiingereza vipimwe kwa karatasi kama kawaida. Ninachokataa ni kuipima kazi ya mikono kwa jicho la siku moja, eti kwa sababu zamani tuliaminiana vibaya kwa namba.

Wapo wanaosema walimu hawana muda. Hii tuipigie hesabu. Chukua darasa la wanafunzi 40 na stadi 30 za kumudu kwa mwaka. Hizo ni sahihi 1,200. Kwa mwaka wa masomo wa wiki kama 39, ni sahihi 31 kwa wiki, sita kwa siku. Kuandika si tatizo. Tatizo ni kuangalia: mwalimu mmoja awaone wanafunzi 40 wakifanya kazi, wakati meza za kufanyia kazi ni tano. Lakini tatizo hilo lipo, daftari liwepo au lisiwepo. Ukiliondoa daftari humpi mwalimu muda, unaficha tu kwamba wanafunzi 25 hawakugusa kifaa muhula mzima. Pengine ndiyo sababu halipendwi sana ofisini. Kurasa tupu husema mambo ambayo ripoti ya shule haiyasemi.

Na kwani lazima mwalimu ndiye aandike? Ujerumani, nchi inayosifiwa mno kwa uanagenzi, mwanagenzi hujiandikia mwenyewe ripoti zake za mafunzo, na mwalimu wake kazini huzipitia na kusaini. Asiyekuwa na daftari hilo haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Kuandika ni sehemu ya kujifunza. Kijana aliyeweza kueleza kwa sentensi tatu jinsi alivyopima mteremko wa bomba la maji machafu ameupima mara ya pili. Aandike kwa Kiswahili, hata kama fani inafundishwa kwa Kiingereza. Mthibiti atamwelewa.

Sasa nafika kwenye hoja ambayo kwa wilaya hizi mbili ndiyo yenye madhara makubwa: cheti ni kimoja, ama mtu amehitimu ama hajahitimu, hakuna nusu fundi.

Inasikika kama msimamo wa kulinda ubora. Kwa kweli ni kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mtoto asiyeondoka. Ngorongoro watoto huondoka. Ukame wa mwaka 2021 na 2022 uliua ng'ombe wengi kaskazini mwa nchi, na familia ya wafugaji ikipoteza mifugo, mvulana wa Kidato cha Tatu huitwa nyumbani kusaidia kuhamisha waliobaki, au huenda mjini kulinda geti apate hela ya unga. Binti hupata ujauzito. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 umemruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua, jambo jema lililochelewa mno, lakini karakana inamrudisha wapi? Kidato cha Pili kwa sababu ndipo alipoishia kwenye hisabati, hata kama alikwisha kumudu nusu ya stadi za ushonaji za mwaka unaofuata? Watoto wa Hadzabe kando ya Eyasi wengi husoma wakikaa bweni, mbali na kwao, na bweni likiwashinda wanarudi. Hawa wote, kwa kanuni ya ama amehitimu ama hajahitimu, wanaondoka na mikono mitupu. Miaka miwili au mitatu ya kazi halisi inafutwa kama haikuwahi kuwepo.

Mfumo wa ufundi stadi kwa asili yake haukatai vipande. Tuzo za kitaifa za ufundi stadi zina ngazi ya I, II na III, na kila ngazi imejengwa kwa stadi zinazopimika moja moja. Uganda wamekwenda mbali zaidi: wana hati iitwayo Worker's PAS, ambayo inaorodhesha stadi ambazo mtu amepimwa na kuonekana anaziweza kwa vitendo, hata kama hana cheti cha fani nzima. Anayejua kujenga ukuta wa matofali na hajui kuezeka, hati inasema hivyohivyo. Mwajiri anayetafuta mtu wa ukuta amempata. Hakuna aliyedanganywa, na hakuna aliyeitwa fundi kamili wakati si fundi kamili.

Kwetu hati kama hiyo ingetoka moja kwa moja kwenye daftari. Mwanafunzi anapoondoka, kwa sababu yoyote, mkuu wa shule na mthibiti wanafunga ukurasa wake: stadi hizi amezimudu, hizi alikuwa hajafika. Akirudi baada ya mwaka, anaanzia pale. Akienda chuo cha VETA, chuo kinampima kwa zile alizoandikiwa na kumpeleka mbele, badala ya kumfundisha tena kushika msumeno.

Kuna ndugu wa hoja hii anayetembea akiwa amevaa kofia ya huruma. Anasema: mtoto amekaa miaka minne, wazazi wameuza mbuzi, mpeni cheti chake. Huyu simvumilii. Miaka ya 1970 tulikuwa na shule za sekondari zenye michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansi kimu. Wahitimu walitoka na cheti chenye jina la somo na alama. Kilichoonekana ni kwamba somo lilisomwa. Kama mwenye cheti angeweza kusimamisha pampu ya maji, hilo halikuandikwa popote. Cheti cha kukaa darasani ni hati halali kama kinaitwa hivyo. Kikiitwa cha ufundi, na mwenye nacho akaingia kwenye dari la nyumba ya mtu kuvuta nyaya, tumemdanganya mwenye nyumba na tumemhatarisha kijana. Apewe hati ya kuhudhuria, yenye jina hilo. Stadi ziandikwe zile alizoziweza, hata ziwe nne.

Huku nyuma nasikia: lakini hawa wanahamahama, rekodi itawafuataje? Itanyeshewa, italiwa na mchwa, itabaki kwenye sanduku la shule aliyoiacha.

Hoja hii imepinduliwa kichwa chini. Anayekaa mahali pamoja ndiye anayeweza kuishi bila rekodi, kwa sababu mwalimu wake anamkumbuka. Tangu Juni 2022 familia kutoka Hifadhi ya Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Serikali inasema ni kwa hiari, wakazi wengi na watetezi wa haki wanalipinga hilo, na mabishano hayo si ya ukurasa huu. Kwa mwanafunzi wa amali maana yake ni moja: anaweza kuondoka katikati ya Kidato cha Pili akisoma umeme, akafika shule ya mkoa mwingine isiyo na fani hiyo, au iliyo nayo ikifundishwa kwa mpangilio mwingine. Mwalimu mpya hajui chochote juu yake. Barua ya uhamisho itasema ni mtoto mwenye nidhamu.

Na chombo cha kumfuata mtoto tunacho tayari. NECTA ina mfumo wa PREM, ambao humpa mwanafunzi namba yake tangu shule ya msingi, na uhamisho hupita humo. Namba hiyo iandikwe kwenye jalada la daftari. Kila mwisho wa muhula mwalimu apige picha kurasa zilizosainiwa kwa simu na kuzihifadhi chini ya namba hiyo. Siku mtandao ukipatikana, zitumwe. Loliondo mtandao unasuasua, najua, ila picha haiozi kwa kusubiri wiki mbili. Karatasi ndiyo iwe msingi, kwa sababu karatasi haihitaji chaji. Nakala mbili, moja ya mtoto na moja ya shule, na ya mtoto asinyang'anywe kwa kisingizio chochote, hata akiwa anadaiwa mchango wa chakula. Kuzuia hati za mtoto maskini kwa ajili ya deni ni tabia ambayo shule zetu zinaijua vizuri mno, na daftari la stadi likianza kuzuiwa hivyo basi bora lisingechapishwa.

Watu wa loji wana hoja yao fupi: sisi tunataka Kiingereza na tabasamu, mengine tutamfundisha. Wengine huongeza kwamba wanachukua watu kwa kuaminiana. Kuaminiana huko, tukisema kweli, mara nyingi ni undugu na ujirani: mpishi ana mdogo wake, dereva ana binamu yake. Sina ugomvi na mpishi. Kila mtu anasaidia wake. Lakini ndiyo maana mtoto wa Kakesio asiye na mtu jikoni anahitaji kitu cha kuweka mezani. Na meneja akilifungua daftari atakuta mambo yanayomhusu: kijana ametandika vitanda kwa kiwango cha hoteli peke yake, amehifadhi nyama mbichi mbali na iliyopikwa akaeleza kwa nini, amehudumia meza ya watu wanane. Pia sahihi ya mwenzake wa loji nyingine aliyempokea kwa mafunzo kazini likizo ya Juni. Meneja huyo atapiga simu. Wenye mahoteli wanajuana kutoka Rhotia hadi Njiro, ambako VETA ina chuo chake cha hoteli na utalii, na simu ya dakika mbili juu ya kazi maalumu iliyoonwa ina thamani kuliko barua ya utambulisho ya ukurasa mzima.

Kuhusu wale wanaonong'ona kwamba daftari la sahihi ni la watoto walioshindwa masomo, sitapoteza wino mwingi. Watazame marubani wa ndege ndogo wanaotua kiwanja cha Manyara na kuondoka kwenda Seronera. Kila mmoja ana kitabu ambamo ameandika saa alizoruka, ndege gani, kutoka wapi hadi wapi, na bila kitabu hicho leseni haipo. Sijasikia mtu akisema rubani alifeli.

Imebaki hoja ya kuchelewa. Walioanza mwaka 2024, inasemwa, wamekwisha kusoma bila daftari, basi waachwe wamalize kwa mtihani tu, na utaratibu mpya uanze na wanaokuja nyuma yao.

Hapa VETA imekwisha kuonyesha njia bila kujua. Kama seremala wa miaka 45 anaweza kupimwa kwa kazi alizojifunza kwa mjomba wake mwaka 1998, mwanafunzi anaweza kupimwa kwa kazi alizofanya Kidato cha Kwanza. Si lazima arudie zote. Kwa kila fani zichaguliwe stadi chache ambazo haziwezekani bila nyingine kutangulia: anayejenga kona ya ukuta ikasimama wima amekwisha kujua kuchanganya udongo, kupanga matofali na kutumia timazi, kwa hiyo hizo nazo aandikiwe. Anayeshona suruali yenye mifuko na zipu hahitaji kuonyesha mshono wa kawaida. Kazi hiyo inaweza kufanyika katika wiki mbili za likizo, mafundi wa Karatu mjini wakialikwa kukaa kama mashahidi pamoja na mwalimu na mthibiti, wakilipwa posho ya siku kama anavyolipwa msimamizi wa mtihani. Kwa shule za Ngorongoro ni rahisi kuwapeleka mafundi wawili Waso au Digodigo kuliko kuwasafirisha wanafunzi wote.

Swali litakalobaki ni nani alipe madaftari yenyewe, yale yenye karatasi ya nakala ya pili na jalada gumu linalostahimili mvua ya Nainokanoka. Halmashauri hukusanya ushuru na kodi kutoka hotelini, mashambani na sokoni. Kamati ya elimu ikikaa kupanga bajeti, daftari la amali liwe na mstari wake, hata mdogo, chini ya vifaa vya kufundishia, ili lisitegemee mfadhili anayekuja msimu wa watalii na kuondoka nao.